Shajara ya mradi: betri ya lithiamu ya kuwashia jenereta ya dizeli, Mikindani

Machi: mashine, lengo na hesabu ya kwanza

Mashine ni jenereta ya dizeli ya silinda moja, inapozwa kwa hewa, sentimita za ujazo 418, kilowati 5, mizunguko 3,000 kwa dakika. Kazi yake ni kubeba majokofu ya samaki na pweza umeme ukikatika. Ikikataa kuwaka usiku, mali inaharibika kabla hakujakucha. Ina kamba ya kuvuta na ina stata, mota ya umeme inayozungusha injini iwake. Kamba ni ya dharura tu, kwa sababu dizeli ya ukubwa huu ina mgandamizo mkali na si kila mlinzi wa majokofu ana mkono wa kuivuta. Tegemeo ni stata, na stata tegemeo lake ni betri.

Betri iliyokuja nayo ni ya asidi, volti 12, ampea-saa 36. Huku pwani betri za aina hiyo hazidumu kwenye jenereta za akiba, na sababu yake inajulikana. Mashine inakaa wiki nyingi bila kuwashwa, betri inajipunguza chaji yenyewe, na kwa joto la Mtwara inajipunguza haraka zaidi. Ikiachwa muda mrefu chini ya volti 12.4, sahani zake zinaota salfati ngumu isiyorudi tena. Siku ya shida unaichaji, testa inasoma 12.5 na unaamini iko salama. Ukipiga stata inaanguka hadi 8, solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inagonga tik-tik-tik, mashine haizunguki.

Tunachotaka ni pakiti ya lithiamu aina ya chuma-fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4 kwenye seli. Iwe na uwezo wa kuwasha hata baada ya miezi mitatu ya kukaa bila chaja, istahimili joto na chumvi, na muundo huohuo ufae nyanda za juu. Seti ya pili inakwenda Makete, upande wa Kitulo, ambako kati ya Juni na Agosti sakitu inaanguka usiku.

Kabla ya kununua chochote, hesabu. Stata hii ikishazungusha inakula karibu ampea 100. Ampea 100 kwa sekunde 5 ni ampea-saa 0.14 tu, kwa hiyo hata pakiti ndogo ya ampea-saa 8 inaweza kurudia kazi hiyo mara nyingi. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa betri haikuambii kama itawasha. Kinachoamua ni ukinzani: wa ndani ya seli, wa waya, na wa kila kiungo kati ya seli na stata. Tangi kubwa lenye bomba jembamba halijazi ndoo haraka.

Kikomo tulichoweka kwa mzunguko mzima, bila stata yenyewe, ni milioomu 20 (milioomu ni sehemu ya elfu ya omu, kipimo cha ukinzani). Kwa ampea 100 hiyo ni hasara ya volti 2. Pakiti ya seli nne iliyojaa na kupumzika inasoma 13.3, kwa hiyo stata inapata 11.3. Kila uamuzi unaofuata umepimwa kwa kikomo hicho.

Aprili: seli

Seli nyingi za LiFePO4 zinazouzwa madukani ni za sola. Zimetengenezwa kutoa mkondo mdogo kwa saa nyingi, wala si mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Zile za duara za milimita 32 kwa 70, zinazoandikwa ampea-saa 6, kawaida zimepangiwa kutoa mara tatu ya ujazo wake, yaani ampea 18. Nne kwa mfululizo haziwezi stata hii, hata zikiwa mpya.

Betri za sola zilizokwisha fungwa, za volti 12.8 zenye bodi ya ulinzi ya ampea 100, zina tatizo jingine. Stata inapoanza kutoka kusimama, ukinzani wake ni kama milioomu 28 tu. Gawa volti 13.3 kwa jumla ya milioomu 48 (28 za stata na 20 za mzunguko) na unapata karibu ampea 277 kwa muda mfupi sana. Bodi inaona hiyo ni shoti na inakata. Mtumiaji anaona giza kwenye paneli, anadhani betri mbovu, kumbe bodi imefanya kazi yake.

Tumechagua seli za duara za milimita 38 kwa 120, ampea-saa 8, aina ya nguvu, zilizopangiwa mara 25 ya ujazo, yaani ampea 200. Zina bolti za M6 pande zote mbili, kwa hiyo hakuna kuchomelea vibati. Seli nne hazifiki kilo moja na nusu. Betri ya asidi iliyotolewa ni mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili.

Lebo haiaminiki mpaka seli ipimwe, na kipimo hakihitaji chombo cha gharama. Funga seli nne kwa mfululizo zikiwa zimejaa, kisha washa taa nne za halojeni za wati 55 zilizounganishwa sambamba. Kwa pamoja zinavuta karibu ampea 18. Soma volti ya kila seli kabla ya kuwasha, isome tena sekunde ya kumi taa zikiwaka, halafu gawa tofauti kwa 18. Seli nzuri ya nguvu inashuka milivolti 54 hadi 90, yaani milioomu 3 hadi 5. Inayoshuka milivolti 180 ina milioomu 10. Hiyo ni ya sola au imechoka, lebo yake iseme inavyosema. Pima zote kwenye joto moja, vinginevyo unalinganisha hali ya hewa.

Kusawazisha kulifanyika kabla ya kufunga. Kila seli inachajiwa peke yake hadi volti 3.60 na kuachwa hapo mpaka mkondo ushuke chini ya ampea 0.4. Baada ya hapo zote nne zinaunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kulazwa hivyo usiku mzima. Asubuhi zinafungwa kwa mfululizo. Hatua hii hairukwi. Seli moja ikitangulia wenzake, ndiyo itakayofika 3.65 mapema kila mara chaji inapoingia, na ndiyo itakayokufa kwanza.

Mei: kufunga

Bapa za kuunganisha seli ni za shaba, upana milimita 20, unene milimita 3, zimepakwa bati. Kila bolti ina washa ya springi. Dizeli ya silinda moja inatetemesha kila kitu, na nati iliyolegea kwa robo mzunguko inatosha kuchemsha kichwa cha seli. Usikaze kwa bega: kichwa cha M6 kwenye seli kinakatika kirahisi, na kikikatika seli ndiyo imekwisha.

Njia ya stata haipiti kwenye bodi ya ulinzi. Chanya ya pakiti inakwenda kwenye fyuzi ya bapa ya ampea 200, ya aina inayochelewa kukatika, iliyowekwa umbali usiozidi sentimita 20 kutoka kwenye seli, halafu moja kwa moja kwenye solenoidi. Mshtuko wa ampea 277 ni mfupi mno kuikata, ila waya ukigusa chuma itakatika. Fundi asishawishike kuiacha. Seli hizi zikipigwa shoti zinatoa mamia ya ampea na spana inayeyuka mkononi.

Bodi ya ulinzi, ambayo mafundi wanaiita BMS, imebaki kwenye njia ya kuchaji peke yake. Ampea 20 zinatosha. Inakata chaji seli yoyote ikifika 3.65, na inasawazisha mwishoni mwa chaji. Hapa kuna mtego ambao lazima ushughulikiwe: bodi ikikata wakati mashine inanguruma, regyuleta (kidhibiti cha volti za kuchaji) inabaki bila betri ya kutuliza volti, na mawimbi yake yanaweza kuunguza saketi za paneli. Kwa sababu hiyo waya wa paneli umehamishwa kutoka kwenye regyuleta ukawekwa upande wa seli. Bodi ikikata, paneli inaendelea kulishwa na seli.

Regyuleta yenyewe ipimwe kabla ya kuunganishwa na lithiamu. Mashine ikiwa kwenye mwendo kamili, kati ya volti 13.8 na 14.6 inafaa. Ikizidi 14.6 ibadilishwe. Bodi ni ulinzi wa mwisho, haikuwekwa ifanye kazi ya regyuleta kila siku. Mtambo mdogo wa kuchaji wa jenereta hizi unatoa ampea chache. Ukitoa 3, dakika tatu zinarudisha kilicholiwa na stata.

Waya ni wa milimita za mraba 25, shaba iliyopakwa bati. Milimita 25 za shaba zina milioomu 0.73 kwa mita, na milimita 16 zina 1.15. Kwa mita tatu, kwenda na kurudi, tofauti ni zaidi ya milioomu moja, na kwenye kikomo cha 20 hiyo si ya kupuuza. Lagi, vichwa vya ncha za waya, zimebanwa kwa koleo la haidroliki, hazikulehemiwa. Risasi ya kulehemu inapanda ndani ya nyuzi za waya na kuzigandisha, halafu mtetemo unazikata pale risasi ilipoishia.

Hasi imefungwa kwenye mwili wa injini, si kwenye fremu. Jenereta nyingi zimekaa juu ya raba za kuzuia mtetemo, na kati ya fremu na injini kuna kamba nyembamba ya waya tu, mara nyingi imeota kutu. Rangi imekwanguliwa hadi chuma king'ae, lagi ikakazwa, kisha juu yake grisi.

Ukaguzi wa kazi yote ni mmoja. Piga stata, na wakati inazunguka soma volti kutoka kwenye bolti ya chanya ya pakiti hadi kwenye bolti ya stata, kisha kutoka hasi ya pakiti hadi kwenye mwili wa injini. Kila upande usizidi 0.2. Ukizidi, sogeza ncha ya testa kiungo kwa kiungo mpaka umpate mwizi.

Juni: joto, chumvi na salfa

Pakiti ilifungwa kwanza pale ilipokuwa betri ya asidi, kwenye fremu. Joto la hewa mchana halikufika nyuzi 30, kusi limeanza na huu ndio wakati wa ubaridi wetu. Hata hivyo, baada ya saa moja ya mzigo kipimajoto kilichobandikwa kwenye seli kilipita 50. Feni ya injini inasukuma hewa ya moto upande huo, na ekzosi iko karibu. Seli nyingi za LiFePO4 mwisho wake wa kuchajiwa ni nyuzi 45. Na hata usipovuka kikomo, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakaribia kuzidisha mara mbili kasi ya kuzeeka.

Pakiti imetolewa kwenye mashine. Sasa imo ndani ya sanduku la plastiki lenye mpira mlangoni, limetundikwa ukutani upande wa kivulini, na inaungana na mashine kwa waya wa mita moja na nusu kila upande wenye kichomeo (plagi ya kuchomeka na kuchomoa) cha ampea 175. Waya umerefuka, lakini ndiyo sababu ya kuchagua milimita 25 tangu mwanzo. Faida nyingine ni kwamba jenereta ikivushwa kwa kivuko kwenda Msangamkuu, betri inabebwa kando, kavu, ndani ya mfuko.

Chumvi inaingia kwa njia ya unyevu, na inapenda mahali shaba tupu inapokutana na chuma. Kila lagi imevikwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Mpira usio na gundi ni mbaya kuliko kutoweka kitu, kwa sababu unashika maji ya chumvi ndani na waya unaliwa ukiwa umefunikwa: kwa nje safi, kwa ndani unga wa kijani. Vichwa vimepakwa mafuta ya mgando baada ya kukazwa, si kabla.

Salfa ni jambo la Kusini ambalo maelekezo ya watengenezaji hayalitaji. Msimu huu wakulima wanapulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na ghala moja linawekwa mifuko ya salfa, mashine za kupulizia na jenereta. Vumbi la salfa linafanya shaba iwe nyeusi kwa salfidi, na salfidi ni kinzani. Viungo vilivyokuwa wazi katika ghala la namna hiyo vilionyesha weusi ndani ya wiki chache, na hasara ya upande wa chanya ikapanda kutoka volti 0.15 hadi karibu 0.4 wakati wa kupiga stata. Bati inavumilia zaidi kuliko shaba tupu. Lakini dawa ya kweli ni kutolaza jenereta na salfa chumba kimoja.

Julai: baridi

Makete haiwezi kuigizwa Mikindani, ila jokofu la samaki lipo na linashika nyuzi 18 chini ya sifuri. Pakiti imelazwa humo usiku, ndani ya mfuko usiopitisha unyevu. Injini yenyewe ilibaki kwenye joto letu, kwa hiyo jaribio hili linapima betri peke yake.

Matokeo ya mara ya kwanza: stata ilisukuma pistoni hadi kwenye mgandamizo ikasimama. Volti za pakiti zilianguka hadi karibu 4. Hii ina maana ukinzani wa seli umepanda kama mara tano, kutoka milioomu 16 hadi karibu 80. Seli hazijaharibika. Ayoni za lithiamu zinatembea polepole kwenye baridi, na pakiti ikipata joto nguvu inarudi yote. Huu ndio utofauti mkubwa kati ya maadui wawili: baridi inakunyima nguvu kwa muda, joto la pwani linakula uhai wa seli na halirudishi.

Kuna ushauri maarufu kwa wenye pikipiki za nchi za baridi: washa taa kwa dakika moja au mbili betri ijipashe. Kwa pakiti hii hesabu inakataa. Taa ya wati 55 inavuta ampea 4.3, na kwa milioomu 80 joto linalozalishwa ndani ni wati moja na nusu. Kilo moja na nusu ya seli inahitaji karibu juli 1,500 kupanda nyuzi moja, kwa hiyo dakika mbili za taa hazifikishi hata robo ya nyuzi. Kupiga stata kwenyewe kunapasha zaidi, nyuzi moja hivi kwa kila jaribio, ila stata iliyokwama inaunguza koili zake.

Kinachofanya kazi ni pedi ya kupasha ya silikoni, wati 30, iliyobandikwa chini ya seli, na povu la milimita 20 pande zote. Wati 30 kwa dakika 20 ni juli 36,000, zinazotosha kupandisha nyuzi 24 kama hakuna kinachopotea. Kutoka 18 chini ya sifuri pakiti ilifika juu kidogo ya sifuri, na pedi ilikula ampea-saa 0.8, sehemu ya kumi ya chaji. Stata ikazunguka bila kusita. Sehemu ya kumi ya chaji kununua uhakika wa kuwasha ni biashara nzuri. Pedi ina swichi yake na kikata-joto cha nyuzi 30, ikisahauliwa isipike seli.

Kishikizo cha kupunguza mgandamizo, juu ya kifuniko cha vali, kinasaidia pia. Kikibonyezwa, mashine inapata kasi kwanza ndipo mgandamizo unarudi.

Kitu ambacho baridi inaharibu moja kwa moja ni kuchaji. Chini ya sifuri lithiamu haiingii kwenye grafaiti ya seli. Inajipaka juu yake kama metali, ujazo unapotea na shoti ya ndani inaweza kuzaliwa. Mashine ikishawaka asubuhi ya sakitu, regyuleta inaanza kuchaji papo hapo seli zikiwa bado baridi. Kwa seti ya Makete bodi ina kihisi joto cha kiloomu 10, na chaji inakataliwa chini ya nyuzi 5. Kihisi kikaguliwe kwenye maji yenye barafu: kisome karibu kiloomu 33. Kikisoma 10 pale pale, hakigusani na baridi au si chenyewe.

Oili nayo isisahaulike. SAE 40 inayotumika huku pwani haina namba ya baridi kabisa. 15W inapimwa kuzunguka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, 5W hadi 30, 0W hadi 35. Makete 15W-40 inatosha. Mahali kama Yakutsk, Urusi, ambako wastani wa Januari uko chini ya nyuzi 35 chini ya sifuri, hata 0W inahitaji hita ya injini, na badala ya kutegemea seli peke yake wengi wangeongeza kapasita kubwa, vihifadhi vya umeme vinavyoutoa kwa mkupuo. Sita za faradi 500, volti 2.7, kwa mfululizo zinatoa faradi 83. Zikishuka kutoka volti 13 hadi 9 zinatoa karibu kilojuli 3.7, sekunde tatu hivi za stata, na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri haizisumbui. Kwetu ni gharama isiyohitajika.

Agosti: kukaa bila kazi

LiFePO4 inajipunguza asilimia 2 hadi 3 kwa mwezi, miezi mitatu si kitu. Hatari iko kwenye paneli. Saa ya kuhesabu kazi na voltimita ya dijitali zinavuta milliampea 20 hata swichi ikiwa imezimwa. Hiyo ni ampea-saa 0.48 kwa siku, na pakiti ya 8 inakauka ndani ya siku 16 hivi. Betri ya asidi ya 36 ilikuwa inaficha kosa hilo. Swichi kubwa ya kukata imewekwa kwenye hasi, na kichomeo kinachomolewa mashine ikilala muda mrefu.

Seli iliyoshuka chini ya volti 2.5 ichajiwe polepole na kupimwa upya kwa taa. Iliyokaa chini ya 2.0 itupwe, haina pa kurudi.

Usiiache kwenye chaja ya asidi. Nyingi zina hatua ya kusafisha sahani inayopanda juu ya volti 15. Pia usiihifadhi ikiwa imejaa pomoni kwenye joto, volti 13.2 za kupumzika zinatosha. Ila voltimita isichukuliwe kuwa kipimo cha chaji: kati ya 13.2 na 13.0 pameingia sehemu kubwa ya ujazo wa seli. Ukitaka uhakika, piga stata na usome volti wakati inazunguka. Chini ya 10.5 pakiti ikiwa na joto, tafuta kiungo kibovu au seli iliyochoka.

Septemba: seti ya Makete

Imefungwa: seli nne zilizopimwa ndani ya milioomu moja baina yake, bodi ya ampea 20 yenye kihisi, pedi ya wati 30 na kikata-joto, povu la milimita 20, fyuzi ya 200 pamoja na moja ya akiba, waya wa 25, swichi ya kukata. Sanduku litakaa karibu na injini, kinyume cha la Mikindani, kwa sababu kule joto la injini ni msaada, lakini si upande wa ekzosi. Karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko ina maelekezo matano: pasha dakika 20 kukiwa na sakitu, bonyeza kishikizo, piga stata isizidi sekunde 5, pumzisha sekunde 30, usichomoe betri mashine ikiwaka. Kilichobaki ni kupima regyuleta ya jenereta ya huko kabla pakiti haijaunganishwa, na kama inatoa zaidi ya 14.6, iende na mpya.